Mchuzi wa Chumba cha Nyuma

2 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu. Sisi huku tupo. Nimeandika "sisi" kwa mazoea, nipo mimi. Paka wa jirani anakuja mchana, analala juu ya viatu vya mwanangu Chupa pale mlangoni, nami simfukuzi. Bati la jikoni bado linavuja palepale ulipoziba kwa lami ulipokuja mara ya mwisho. Mwenye duka anakusalimu sana. Anasema kama umenenepa utume picha, apate cha kucheka.

Najua ungependa nikupigie simu. Kwenye simu nikisikia sauti yako nalia, wewe unanyamaza, na salio linaisha kabla hatujasema kitu. Kwenye karatasi naweza kuinuka, nikaosha uso, nikarudi.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Unakumbuka Chupa alipoanza kwenda hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, chuoni hakuweza tena kufika, mkuu wa idara akamruhusu ahamishie majaribio yake hapa nyumbani, chumba cha nyuma. Siku tuliyomzika, watu wamejaa sebuleni, niliingia kule kutafuta viti vya ziada. Nikakuta visumaku vyake viwili vya kukorogea bado vinazunguka ndani ya chombo. Yeye hayupo, na vyenyewe vinazunguka. Sikuvizima, na mpaka leo sijavizima.

Nikueleze nilivyoelewa mimi, wewe utanyoosha. Chombo ni cha kioo, kina ukuta mfupi katikati. Upande wa kushoto kuna kile alichokiita mchuzi, maji ya sukari yenye bakteria wake aliowachagua na kuwalea miaka mitatu. Wanakula sukari na kutoa asidi, ileile inayogandisha maziwa. Upande wa kulia kuna maji ya magadi. Juu yameelea mafuta ya alizeti, yamepita juu ya ukuta na kufunika pande zote mbili, kama shuka moja juu ya watoto wawili. Asidi inapanda kutoka kwenye mchuzi, inaingia kwenye mafuta, inavuka, inashukia kwenye magadi. Nilimuuliza, "Sasa mafuta na asidi wapi na wapi?" Akacheka. "Mama, humo ndani nimetia dawa ya kubeba. Ifikirie kama mchukuzi wa sokoni. Anabeba gunia, anavusha, anarudi kuchukua lingine."

Mdogo wangu, mchuzi unaumwa. Karatasi ya kupimia asidi nikiichovya kushoto inatoka nyekundu, na kila siku wekundu unakolea. Kulia hakuna kinachofika. Mkuu wa idara amemtuma fundi wa maabara na ujumbe: vyombo virudi chuoni mwisho wa Juni. Lakini kama bakteria watakuwa hai na asidi inavuka, watawachukua, na mwanafunzi mwingine ataimalizia kazi kwa jina la Chupa. Kama wamekufa, wataosha kioo na kukirudisha kabatini.

Wewe uko maabara ya kiwanda cha siki mwaka wa ngapi sasa? Nisaidie. Wasikioshe.

Hukuja kuzika, na mimi sina neno. Lakini njoo sasa. Utakuja lini?

Dada yako

23 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nimeisoma mara moja, nikaikunja, nikaifungua tena. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu, yuko na mambo yake ya kupanga upya nyumba. Amenipokonya kikombe changu kikubwa cha chai, sasa nanywea kile kidogo cha wageni wa heshima, wale ambao tangu tuoane hawajawahi kufika. Joto la huku mwaka huu halina huruma, nashinda nikinyonya vipande vya barafu kama mtoto. Picha mwambie mwenye duka asisubiri. Kwanza sijanenepa.

Ulivyoeleza chombo ni sawasawa, sina cha kunyoosha. Yale mafuta ndiyo wenzetu wanayaita utando wa kimiminika. Utando mwingine ni kitambaa au ngozi nyembamba yenye vitundu. Huu hauna kitundu hata kimoja. Kinachopita ni kile tu ambacho mchukuzi amekubali kukibeba. Bakteria wanabaki kwao, sukari inabaki kwao, asidi inaondoka. Na lazima iondoke, dada. Asidi ni kazi yao, lakini ikibaki nao inawaua. Ndiyo maana Chupa aliweka mlango huo. Watafiti wengine wanasubiri mpaka bakteria wafe ndipo watoe asidi. Yeye alitaka itolewe huku wao wakiwa hai.

Fanya hivi. Kwanza punguza mwendo wa visumaku. Angalia mpaka wa mchuzi na mafuta kwa pembeni ya kioo. Ukiona unatetemeka, unakoroga kwa nguvu mno, mafuta yatakatika vipande na kuingia kote. Punguza mpaka utulie.

Nimeacha hapo jana, naendelea leo. Pili, magadi ya upande wa kulia yabadilishe yote. Yakishiba hayapokei tena. Tatu, muombe fundi wa maabara akuletee dawa ya kubeba kidogo, maana inapotea polepole kadiri miezi inavyokwenda. Atajua kiasi.

Kuhusu kuzika, dada, safari haikuwezekana. Kuhusu kuja, nitaangalia. Kwa sasa naomba uniandikie kila unachokiona, hata kama ni kidogo.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini joto limepungua na wifi amekurudishia kikombe. Mbona siku hizi haniandikii hata mstari mmoja chini ya barua yako? Zamani alikuwa anajaza ukurasa wa nyuma kwa umbea wake, na mimi nilikuwa naanza kusoma huo. Mwambie sijamkosea, na kama nimemkosea aniambie.

Huku mvua imeanza. Bati linavuja kuliko zamani, nimeweka sufuria chini na sasa jikoni kuna saa ya ukutani na saa ya sufuria. Mwenye duka kanichekesha juzi. Nilikwenda kuchukua sukari, akanishika mkono. "Mama, wiki hii mara ya tatu hii. Unaoka keki ya harusi ya nani? Mbona kadi sijaiona?" Nikamwambia kadi iko njiani. Nilicheka mpaka nikashtuka kusikia sauti yangu.

Nilifanya yote uliyosema. Fundi wa maabara alikuja na dawa ya kubeba kwenye kichupa, akapinda mgongo kuangalia kioo kwa pembeni. Akauliza, "Nani anakoroga hivi?"

"Mimi."

"Mama, njoo utufundishie watoto. Wale wanakoroga kama wanafua mablanketi."

Akachovya karatasi kulia, akaniita. Asidi ilikuwa imevuka! Kidogo, lakini imevuka. Nilimshikilia mkono yule baba wa watu, sijui alinifikiriaje.

Ilikaa hivyo wiki moja. Halafu chini ya mafuta, juu ya mchuzi, ukaingia utando mwingine, mweupe, mzito, kama malai ya maziwa yaliyopoa. Nikautoa kwa kijiko. Asubuhi umerudi. Nikautoa tena, ukarudi mnene zaidi. Sasa karatasi ya kushoto ni nyekundu kama mwanzo, hata zaidi, na kulia hakifiki kitu.

Fundi alipokuja tena hakufanya mzaha. Akaniambia, "Mama, usijitese."

Nikamuuliza, "Si mna wengine chuoni wa aina hii?"

Akafunga begi lake. "Tulikuwa nao kwenye friji. Umeme ulikatika likizo nzima, wakafa. Waliobaki ni hawa."

Alichukua kijiko cha mchuzi akajaribu kuwaotesha chuoni. Hawakuota. Anasema wamedhoofika mno, inabidi kwanza wapate nguvu hapahapa walipo.

Kwa hiyo ni hawa tu, mdogo wangu, duniani kote ni hawa tu, na wanakufa mikononi mwangu. Nimewafunika kwa sweta la Chupa kwa sababu ya baridi. Nakaa nao, nawaangalia, nafanya kila ninachoweza. Niambie ninakosea wapi. Au njoo uone kwa macho yako.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako imekaa hapa mezani siku nyingi kabla sijaweza kuijibu. Kazi zimekuwa nyingi. Wifi yako anasema hujamkosea chochote, ataandika.

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta kosa kwenye habari za chombo. Sikuliona. Ulipunguza mwendo, ulibadilisha magadi, dawa ulitia. Juzi nimekaa nimechoka, naisoma tu kujiburudisha na mwenye duka na keki yake, nikaliona. Dada, hiyo sukari ya mara tatu kwa wiki inakwenda wapi? Uko peke yako nyumbani, na chai yako tangu utoto ni ya sukari kijiko kimoja.

Unawalisha. Unaona wanadhoofika, unaongeza. Si ndivyo?

Bakteria hawajui kukataa. Sukari ikiwepo watakula, na kila wanachokula wanakigeuza asidi. Mafuta yana mwendo wake, mchukuzi hawezi kukimbia kwa sababu magunia yamekuwa mengi. Kwa hiyo asidi inabaki nao. Na ule utando mweupe unaoutoa kwa kijiko ni wao wenyewe. Walipopata nafuu ile wiki moja wakazaliana, wakajazana chini ya mafuta, wakaziba mlango.

Acha kulisha. Sikwambii upunguze, acha kabisa. Toa utando mweupe, badilisha magadi, waache na njaa mpaka karatasi ya kushoto irudi rangi ya machungwa, halafu njano. Utaona kama wanakufa. Vumilia. Wanaokufa ni wachache, wengi watakuwa wanapumua.

Ni dawa yenyewe, dada, na haina gharama. Nakuomba.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika salama. Sisi huku tupo. Mvua bado inanyesha. Jirani amepata mjukuu, wa kike, ana nywele nyingi kama wigi, nilikwenda kumshika. Paka ameleta panya mpaka mlangoni akaniwekea miguuni, nadhani ananihurumia. Yule fundi wa bati aliahidi Jumamosi, hakuja, akaahidi Jumamosi nyingine, hakuja, sasa nikikutana naye njiani anavuka upande wa pili.

Nimefua mapazia yote. Nimepaka rangi ule mlango wa nyuma.

Chombo kipo.

Ile barafu, bado unainyonya?

Dada yako

8 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Hongera kwa mapazia na mlango, na mjukuu wa jirani akue. Barua yako ilikuwa nzuri, ilikuwa na panya na fundi wa bati na rangi, na chombo kilipata maneno mawili. Nimeelewa. Bado unawalisha.

Mwezi ujao ndio Juni. Sijui nikuambie nini ambacho sijakuambia. Ningekuwa hapo ningekupokonya pakiti ya sukari kama tulipokuwa wadogo, wewe ukanipiga kofi, tukamaliza.

Ngoja nijaribu kwa njia nyingine. Aliyejaa sumu yake mwenyewe hana njaa, dada, hata akikufungulia mdomo. Chakula anakitaka kwa macho. Harufu yake ni nzuri. Kikifika ulimini kinakuwa na ladha ya chuma, kama umeweka msumari mdomoni. Anatafuna kwa sababu aliyekipika amesimama pale anamwangalia. Kinachomsaidia ni kutolewa kile kilichomjaa. Na kutolewa kwenyewe ni polepole, kunachosha, akitoka hapo anataka kulala tu, hana shukrani kwa mtu. Lakini anapumua. Usiku ule anapumua.

Nimeacha, nimerudi leo. Nasoma nilichoandika naona nimekwenda mbali na bakteria. Wao hawana ulimi. Lakini ndivyo ilivyo hata kwao. Usiwape kitu. Kaa nao tu.

Kuhusu kuja, mwezi wa Juni sitaweza. Usiniulize kwa nini, ni mambo ya kazi. Wifi yako anakusalimu sana, sana.

Mdogo wako

12 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na nakupa nyingine ya akiba.

Bati limezibwa. Yule fundi alinasa mikononi mwangu sokoni mbele ya watu, nikamwambia, "Baba, leo naenda na wewe nyumbani tukiwa tumeshikana mikono kama maharusi, uchague." Alikuja na nyundo mchana uleule. Mjukuu wa jirani ameanza kucheka, na paka amehamia kwake.

Sasa nisome taratibu, maana nimeandika nikiwa nimekaa sawasawa na nimeshaosha uso.

Ni kweli nilikuwa nawalisha. Kila asubuhi kijiko, na jioni kijiko, na wakionekana vibaya nawaongeza cha mchana. Uliponiambia niache, niliikunja barua yako nikaiweka chini ya godoro kama kitu cha aibu. Nikuambie kwa nini. Wiki za mwisho za Chupa, daktari alinivuta pembeni akaniambia, "Mama, usimlazimishe kula." Mimi namlazimisha. Napika uji mwepesi, nakaa kitandani, nasema kijiko kimoja tu, kimoja cha mama. Na yeye anameza. Siku moja nilimkuta bafuni anatapika huku amefungua bomba ili nisisikie. Basi nikaacha. Nikamwambia, "Sikusumbui tena, ukitaka utaniita." Hakuniita. Alifariki wiki ileile. Daktari akasema, "Haihusiani, mama." Na wewe kwenye simu ulisema haihusiani. Lakini mimi nilijua kitu kimoja: nililisha, alikuwa hai, niliacha, akafa. Kwa hiyo barua yako ikija na kuniambia acha, acha kabisa, nilikuona unanishika mkono kunipeleka palepale.

Halafu ikaja hii ya Mei. Niliposoma habari za ulimi niliinuka nikaenda chumba cha nyuma nikasimama. Nikatoa ule utando mweupe. Nikabadilisha magadi. Pakiti mbili za sukari nikazirudisha dukani. Mwenye duka akauliza, "Vipi, harusi imevunjika?" Nikamwambia, "Imeahirishwa."

Kutowapa kitu ni kazi, usiniambie si kazi. Nimefua, nimefyeka, nimelea watoto wa watu darasani, sijafanya kazi kama hiyo. Asubuhi naingia, mkono wenyewe unakwenda kwenye kijiko. Naukalia. Kweli, niliukalia mkono wangu kwenye kiti cha Chupa nikiwaangalia. Mchuzi ukazidi kufifia, chini yakajikusanya mavumbi mavumbi, nikajua ndio wao, wamekufa. Nikasema nawaomba radhi. Nikasema na wewe nitakuandikia matusi. Karatasi nikaacha kuichovya, kwa woga. Fundi wa maabara ndiye aliyeichovya alipopita. Akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nikajua ama ni msiba ama ni kinyume chake.

Kushoto ilikuwa njano, mdogo wangu. Kulia asidi imejaa, magadi yameshiba, alipotia tone la dawa yake ya kupimia akaanza kuhesabu na kusahau anahesabu nini. Akaniambia, "Mama, hii imevuka kuliko ilivyowahi kuvuka enzi za Chupa mwenyewe." Sijui kama ni kweli au alinihurumia. Alichukua mchuzi kwenye vichupa vitano. Viwili vimeota. Vitatu havikuota. Mkuu wa idara amekuja mwenyewe, amevua viatu mlangoni bila kuambiwa, ameandika jina la Chupa kwenye vile viwili kwa mkono wake mbele yangu. Chombo wamekichukua juzi visumaku vikiwa vinazunguka, wamekiunganisha na betri ya gari, fundi kakishika mapajani njia nzima. Chumba cha nyuma kimebaki na meza.

Nilidhani nikifika hapa nitalala. Sikulala, kwa sababu yako.

Hiyo ladha ya chuma, ya msumari mdomoni. Chupa aliniambia hivyo hivyo, mimi peke yangu, mlango umefungwa, akaniapisha nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Haimo kwenye vitabu vyenu vya siki. Mtu haambiwi ladha hiyo, anaionja.

Kisha nikazitoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Kikombe kidogo, kwa sababu maji unapimiwa. Barafu, kwa sababu kiu haikuachi na kunywa huruhusiwi. Miaka miwili mimi nimemgandishia mwanangu barafu kwenye vibakuli vya mayai, leo wewe unaniambia ni joto? Barua zinazokatika katikati, "nimeacha hapo jana, naendelea leo", kwa sababu siku ya mashine huwezi kushika kalamu. Wifi yangu haandiki, kwa sababu yeye hajui kudanganya, akianza tu mstari atasema. Na siku tuliyozika ulikuwa umelazwa mahali, mrija umekushika mkono, damu yako iko nje inazungushwa, na ukasema safari haikuwezekana.

Ulitaka kunihurumia. Ulisema huyu ametoka kumzika wa ugonjwa huu, nisimpe mwingine. Nimekuelewa, na nimekasirika, na vyote viwili vitakuja na mimi kwenye basi. Umekaa huko na kiu yako unanifundisha kuokoa bakteria kwa barua, na mimi kila barua nakuuliza utakuja lini, utakuja lini, kama mtoto anayelilia peremende. Na wewe unajibu. Unajibu habari za magadi.

Basi sikuulizi tena. Nakuja mimi. Tiketi ninayo, naondoka Jumatatu. Funguo namwachia jirani. Usiniandikie kunikataza, barua itafika kwenye nyumba iliyofungwa.

Kwa Chupa nilijitolea figo wakanipima, damu zetu zikakataa, aina ya damu alirithi ya baba yake. Sijui kama walikueleza. Mimi na wewe ni baba mmoja, mama mmoja, na tulipokuwa wadogo hata surua tuliugua siku moja. Nijuavyo wataniambia nimezeeka. Wataniambia mengi. Wataangalia na ugonjwa wenyewe kama umo kwenye ukoo, na kama umo watanirudisha. Nitawasikiliza mpaka mwisho, halafu nitasema nipimeni. Wakikataa kabisa, nitakuwa nimefika, nitakaa pale kando ya mashine mara tatu kwa wiki, na sitakulazimisha kitu.

Mwambie wifi yangu asipike, asitandike, asije kituoni. Anielekeze tu hospitali iko upande gani. Nikishuka naenda kwanza huko, wanitoe damu.

Dada yako